Moyo Wenye Hitilafu ya Kuzaliwa: Katazo la Kuzaa Lipimwe Upya

Msichana aliyezaliwa na tundu moyoni, akafanyiwa upasuaji utotoni huko Nairobi, Eldoret au Tenwek, hufika umri wa kuolewa akiwa na agizo moja aliloambiwa mama yake wodini: huyu asije akazaa. Katika nyumba nyingi za Kisumu na Nakuru agizo hilo hutunzwa kama siri, kwa kuwa binti anayejulikana kuwa hatazaa hupungukiwa na wachumba. Wapo wanaolitetea kwamba limeokoa maisha, na wapo wanaolipinga kwamba daktari hana mamlaka juu ya tumbo la mwanamke. Tatizo langu na pande zote mbili ni kwamba hubishana kana kwamba hitilafu za moyo ni ugonjwa mmoja.

Wanaokataza hawajitungii hofu. Katika ujauzito wingi wa damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kila dakika hupanda kwa asilimia 30 hadi 50. Mtoto akizaliwa hatari haiishi, kwani mji wa mimba ukijikaza hurudisha damu nyingi kwa ghafla kwenye mzunguko, na ndiyo maana siku za kwanza baada ya kujifungua huhitaji ulinzi mkali. Mwanamke ambaye tundu lake halikuzibwa mapema, hata shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu likapanda na midomo ikageuka samawati, yumo katika hali iitwayo Eisenmenger, ambayo taarifa za miongo iliyopita zilionyesha kwamba iliua kati ya wajawazito 30 na 50 katika kila 100. Huyo aambiwe hapana, tena waziwazi. Kumpaka maneno matamu ni kumdhulumu.

Hata hivyo huyo si kila mwenye kovu kifuani. Mgawanyo wanaoutumia madaktari wa moyo, uliotokana na ule wa Shirika la Afya Duniani, huwapanga wanawake hawa kuanzia daraja la kwanza hadi la nne, na la nne peke yake ndilo linaloshauriwa lisibebe mimba kabisa. Aliyezibwa tundu dogo, moyo ukapona vizuri, yuko daraja la kwanza, na hatari yake haipishani sana na ya jirani yake. Wa katikati ndio wenye hesabu ngumu. Mwenye vali ya chuma, yaani kizibo bandia kinachoelekeza damu moyoni, kwa mfano, hunywa wafarini ili damu isigande, na dawa hiyo inaweza kumlemaza mtoto katika miezi ya mwanzo. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, haivuki kondo la nyuma, lakini huilinda vali kwa udhaifu zaidi.

Katazo lisilotenganisha madaraja haya lina madhara yake. Aliyekatazwa akishika mimba huficha kovu lake kliniki, na uchovu, kuhema na miguu kuvimba huchukuliwa kuwa mambo ya kawaida ya ujauzito. Isitoshe, wengi huambiwa wasizae bila kuelezwa njia ya kujikinga, ilhali vidonge vya kawaida vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Kipandikizi cha mkononi au koili huwafaa wengi wao zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26(4), inaruhusu mimba kutolewa iwapo mtaalamu wa afya ataona kwamba maisha au afya ya mama imo hatarini, lakini ni uamuzi mchungu ambao ungeepukika kwa mazungumzo ya mapema.

Watetezi wa haki nao wana deni. Madaraja hayo hudhani kwamba daktari wa moyo, wa uzazi na wa nusukaputi wanakaa meza moja. Mwanamke wa Siaya au Busia anayehudhuria zahanati yenye mizani na kipimo cha presha tu, na anayepaswa kutafuta nauli ya kwenda Kisumu au Eldoret kupigwa picha ya moyo, hayuko salama kama mwenzake wa daraja lilelile aliye Uingereza. Daraja la pili kitabuni laweza kuwa la tatu kijijini. Haki isiyo na nauli haimpunguzii hatari hiyo.

(Wengine humwambia aliyekatazwa kuzaa alee mtoto wa dada yake. Desturi hiyo ni njema, ila kumpa faraja hiyo kabla moyo haujapimwa ni kumfungia mlango mapema.)

Kwa maoni yangu, kosa kubwa hutokea pale kliniki ya watoto inapoagana na binti akitimiza utu uzima bila kumkabidhi kwa yeyote. Angalau aondoke na karatasi iliyoandikwa yumo daraja gani, alipimwa lini, atumie njia gani ya uzazi wa mpango, na akitaka kuzaa aanzie hospitali ipi.