Kabla hujamtisha mjamzito na maikrowevu, uliza dozi

Hizi meseji za WhatsApp za "mjamzito usisogelee maikrowevu, imethibitishwa kwa panya" zinaniudhi kweli, maana anayezisoma ni binti mwenye mimba ya kwanza na usiku halali. Utafiti wa panya upo, sikatai, ila jamani muwe mnauliza hao panya walipigwa mionzi kiasi gani.

Chukua ule mkubwa wa Marekani, wa National Toxicology Program, mpango wa serikali yao wa kupima sumu, majibu kamili yalitoka 2018. Panya waliwekwa kwenye vyumba maalum kule Chicago, mwili mzima unapigwa mawimbi kama ya simu, ambayo ni ndugu wa yale ya maikrowevu, dakika 10 yanawashwa dakika 10 yanazimwa, ukijumlisha ni masaa 9 kila siku, na walianzishiwa wakiwa bado tumboni. Dozi ya juu ilikuwa wati 6 kwa kilo ya mwili. Watoto wakazaliwa na uzito mdogo, hasa kwenye dozi kubwa, lakini baadae wakakua wakafika saizi ya kawaida, na hicho kipande hakuna anayekiforwadi. Kiwango cha kimataifa kwa raia wa kawaida, mwili mzima, ni wati 0.08 kwa kilo. Yaani hao panya walipigwa mara 75 ya hicho!

Halafu kwenye majaribio ya zamani ya megahezi 2450, masafa yaleyale ya oveni ya maikrowevu, mchawi mkuu ni joto. Mama panya akipashwa mpaka mwili wake ukapita nyuzi 41 hivi, ndio mimba zinaharibika na watoto wanapata kasoro. Homa kali nayo si nzuri kwa mimba, kwahiyo mjamzito mwenye malaria ananitia hofu kuliko anayepasha wali.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa 2012, simu ikawekwa juu ya kizimba cha panya wenye mimba na watoto wakatoka watundu kupita kiasi na kumbukumbu dhaifu, huo unanifikirisha, ila vipimo vyake vimelalamikiwa sana na mimi nataka urudiwe vizuri.

Mlango wa oveni ukipinda au usipofunga sawasawa usiitumie, uwe na mimba usiwe nayo. Ila kumwambia binti aache maikrowevu arudi kwenye mkaa, ndani ya jiko dogo lisilo na dirisha, avute kaboni monoksaidi inayopita mpaka kwenye damu ya mtoto, wakati moshi wa jikoni umeshahusishwa na watoto njiti na uzito mdogo kwa binadamu kabisa sio panya, hapo mnamuumiza.