Mshipa ni Mshipa

Matokeo ya testi yetu ya unesi yamebandikwa jana asubuhi na nimepata 14 kati ya 40. Nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu. Msuli tembo, matokeo sisimizi, na safari hii msuli wenyewe ndio ulioulizwa kwenye mtihani.

Sina ugomvi na mkufunzi. Ugomvi wangu ni na mashine ya fotokopi. Kitabu halisi cha Anatomia na Fiziolojia bei yake mnaijua, kwa hiyo sisi tunaojiheshimu tunachangishana, tunapeleka cha mwenzetu steshenari, tunatoa kopi. Ndani ya kitabu ateri imepakwa nyekundu na vena imepakwa bluu, ili hata mwenye usingizi aone. Kwenye kopi yangu zote ni kijivu. Ini kijivu, nyongo kijivu, bandama kijivu, na mwenye mwili wake amesimama katikati ya ukurasa kachanua mikono, kijivu tupu, kama mtu aliyetolewa kwenye jivu la jikoni. Muhula mzima nimemsoma huyo.

Swali la tatu likataka tofauti ya ateri na vena. Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: ateri hubeba damu yenye oksijeni, vena hubeba isiyo nayo. Nikachorewa mkasi mwekundu wa kosa. Kumbe ateri ni inayotoka moyoni, vena ni inayorudi moyoni, basi, na ilichobeba ni mambo yake. Kuna ateri inatoka moyoni kwenda mapafuni imebeba damu iliyochoka kabisa, halafu vena za mapafuni zinarudi na damu safi. Ni kama basi linaloondoka Moshi: lipakie ndizi, lipakie watu, bado limeondoka Moshi. Mngenieleza hivyo mapema ningeelewa. Hapana, nikapewa mchoro wa majivu.

Swali la saba, mifupa 8 ya kifundo cha mkono. Mnaijua ile mifupa? Vijiwe vinane vimesongamana pale unapovalia saa, na kila kimoja kina jina la Kilatini au Kigiriki. Mimi nilijitengenezea njia. Nikatafuta maana ya kila jina: skafoidi ni mashua, lunati ni mwezi, trikwetramu ni pembetatu, pisifomu ni njegere. Trapeziamu na trapezoidi zote ni habari za meza, kapiteti ni kichwa, hameti ni ndoano. Nikaikariri kama hadithi: mashua iliondoka na mwezi, ikapita pembetatu, ikala njegere mezani. Tamu kabisa. Ikaja siku ya testi, saa ikanikimbiza, nikaandika "njegere". Mkufunzi kazungushia duara, kaweka alama ya kuuliza, pembeni kaandika nusu mstari kwamba hapa si hotelini.

Na msidhani mimi ni mtoto wa shule. Nimekuwa mpagazi mlimani miaka sita. Nimebeba kilo 20 za watu nisiowajua, kichwani na shingoni, nikapita mawingu, nikalala kwenye baridi ya kuvunja meno. Nilipofika darasani nikaambiwa mfupa wa kwanza wa shingo, ule unaobeba fuvu, unaitwa atlasi, kwa jina la jitu la Wagiriki lililoadhibiwa kuibeba mbingu. Nilifurahi siku nzima. Jitu lile na mimi ni wafanyakazi wenzangu, ila mimi mwisho wa safari nilikuwa napewa bakshishi. Sasa kilo 20 ziliniweza? Hazikuniweza. Karatasi za gramu mia tatu ndizo zimenilaza chali.

Shangazi yangu wa Marangu bado anauliza mwanaume mzima anasomea vipi unesi. Namwambia shikamoo, naendelea na safari.

Basi. Jana usiku, baada ya haya yote kubandikwa, mimi nimekaa chumbani kwangu Pasua, hapa Moshi, najipapasa kifundo cha mkono natafuta njegere (ipo, upande wa kidole cha mwisho, ukibonyeza inachezacheza), mara hodi.

Mama mwenye nyumba. Na kodi yangu ya mwezi huu iko njiani. Mnajua kodi ikiwa njiani mgongo wa mpangaji unavyokuwa laini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dokta. Nina mshipa."

Nikavuta kigoda, akakaa. Nikafunga uso kama ninavyowaona wakubwa wanavyofunga. "Pole, mama. Mshipa gani?"

"Mshipa tu. Unaanzia hapa," akagusa shingo upande wa kulia, "unashuka na bega, unavuka mgongo, unaingia nyonga ya kushoto, unateremka na mguu mpaka kidole gumba. Unakaa pale kidogo. Alfajiri unarudi kichwani."

Nilipekua kurasa zote za kijivu nilizonazo kichwani. Hakuna kitu kwenye mwili wa binadamu chenye ruti hiyo. Hata daladala ingekamatwa.

"Mama, tuanze taratibu. Ni ateri, ni vena, ni neva au ni tendoni?"

Alinitazama kama nimemwomba nipunguziwe kodi. "Mwanangu, nimekwambia ni mshipa."

"Ndiyo mama, ila mshipa una aina zake. Lazima tujue ni upi."

"Lete mkono."

Nikaleta. Akageuza kiganja chini, akabonyeza ule unaojitokeza mgongoni mwa mkono. "Huu ni nini?"

"Mshipa, mama."

Akageuza, akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba. "Huu unaodunda?"

"Mshipa."

"Lete mguu." Akashika nyuma ya kifundo, juu ya kisigino, akabana kama anayenunua kuku. "Na huu mkavu, ambao mbuzi akichinjwa anatundikwa nao?"

"Mshipa, mama."

Sikuona mwiko ameutoa wapi. Niliona tu umenigonga ndani ya kiwiko, pale pale penyewe, na shoti ikatembea mpaka kidole cha mwisho. Niliruka.

"Na huo?"

"Mshipa, mama! Mshipa!"

"Basi. Unauliza nini tena?"

Jamani. Kwa dakika moja na nusu mama yule alikuwa amenipitisha vena, ateri, tendoni na neva, kwa vitendo, bila fotokopi, na kila mmoja anaujua kwa tabia yake: wa damu, unaodunda, mkavu, wa umeme. Yeye ana neno moja na haupotezi hata mmoja. Mimi nina manne na nimepata 14. (Najua kamusi ina neno "kano" kwa ule mkavu. Mpelekeeni mama kamusi, mimi nipo pale.)

Sasa nyumba yetu ina vyumba tisa na kuta zake mnazijua, za kusikia mwenzio akigeuka kitandani. Neno "dokta" likitamkwa uani watu wanatoka kama kuna harambee. Alianza dada wa saluni: miguu inamvimba jioni, mishipa imejichora kwenye shavu la mguu. Hapo nilikuwa na jibu, na nalitoa kwa fahari. Nikamweleza kwamba vena za miguuni zina vijilango vya kuzuia damu isirudi chini, na msuli wa nyuma ya mguu ndio pampu; ukitembea unaikamua damu kwenda juu, ukisimama kutwa pampu imelala. Atembee kidogo, na akipata nafasi akae ainue miguu.

"Nikiinua miguu, nani atasuka?"

Sikuwa na jibu. Kwenye testi halikuja.

Akafuata fundi seremala wa chumba cha saba. "Moyo unaniwaka nikila maharage." Akaonyesha chembe ya moyo, pale mbavu zinapoachana. Nikamwambia kwa upole kaka, hapo umeshika tumbo. Moyo uko juu zaidi, nyuma ya mfupa wa kifua, umeegemea kushoto. Alinuna kwelikweli. Yaani yeye na umri wake ule, ana watoto wanne, aje aelezwe na mpangaji wa juzi moyo wake uko wapi? Watu wakamuunga mkono. Mmoja akasema hata kanisani mtu akiguswa moyo anashika pale.

Bodaboda naye ana ngiri. Ngiri yake inapanda. Nikasema huko hatujafika, muhula huu tunaishia kwenye moyo na mishipa, na mfumo wa chakula ni muhula ujao. "Kwa hiyo nisubiri mpaka Machi?" akauliza, na uso wake haukuwa wa utani.

Ndipo akatoka mzee wa chumba cha kwanza na chupa yake ya soda yenye maji ya kahawia. Mizizi. Hakuuliza ruti. Hakuuliza aina. Mshipa: vifuniko viwili asubuhi. Ngiri: vifuniko vitatu. Moyo wa maharage: kifuniko kimoja, usinywe na maziwa. Shilingi elfu tano kwa chupa, na watu wakaingiza mikono mifukoni, watu hao hao ambao hela ya maji wananiambia mpaka Jumamosi. Mzee yule hajawahi kubandikiwa matokeo. Hana sapu ya kurudia mtihani, hatadisko akafukuzwa chuo. Mimi mwenyewe kiwiko kikiwa bado kinawasha, niliuliza kama anauza nusu.

Nilimwambia mama mwenye nyumba ukweli. Mama, mimi sijaruhusiwa kumtibu mtu, hata kidole. Asubuhi nenda zahanati. Akacheka kicheko kidogo cha puani. "Nikifika niseme nini?"

"Sema..." nikakwama.

Maana atakwenda, na atasema nina mshipa. Daktari ataandika kwa Kiingereza kitu chenye silabi saba. Mama atapewa karatasi, atanitazama mimi niliyevaa nyeupe pale pembeni, aniulize mwanangu ameandika nini hapa, na hapo ndipo kazi yangu yote ilipo. Kulichukua jina la silabi saba, kulirudisha kwenye mshipa wa shingo, bega, nyonga na kidole gumba, na mama aelewe asinywe vifuniko viwili juu ya vidonge. Hilo nani ananifundisha? Nikijibu kwa Kiswahili darasani naambiwa nirudie kwa Kiingereza. Nikijibu kwa Kiingereza uani nagongwa na mwiko. Mbona hakuna swali linalosema: mgonjwa ameshika chembe ya moyo akasema moyo, fanya nini? Alama kumi! Ningeandika kurasa tatu! Lakini hapana, taja mifupa minane, na ole wako utaje njegere! Nimechoka, jamani. Nimepanda mlima ule nikiwa na malaria sikuchoka hivi.

Nikiwa katikati ya kusema hayo kwa sauti ambayo sasa naijutia, Luku ya umeme ikapiga kelele zake mara mbili, na nyumba nzima ikawa giza.

Mngeuona huo muujiza. Dada wa saluni, miguu imepona. Fundi, moyo umetulia mahali pake popote ulipo. Ngiri ya bodaboda imeshuka yenyewe. Uani hapakubaki mtu, milango tisa imefungwa taratibu, kila mmoja anahema kidogo kidogo asisikike kuwa yu macho. Na mama mwenye nyumba, aliyekuwa hawezi kunyanyuka bila kushika kiuno, nilimsikia anakata kona ya jikoni kwa mwendo wa binti. Gizani ikatoka sauti yake:

"Zamu ya dokta!"

Si zamu yangu. Mimi nilinunua kabla ya dada wa saluni, na dada alifuatwa na fundi, na fundi akasema atanunua akilipwa lile kabati, mpaka leo. Daftari la zamu lilikuwepo, likaliwa na panya, au likaliwa na fundi. Ila nani atabishana na mwenye nyumba, na kodi iko njiani?

Hela ya Luku sikuwa nayo. Nilikuwa na ya mshumaa. Nikatoka mpaka kwa mangi mwenye duka pale kona, kiwiko kinawasha, nikakuta bado amewasha redio nyuma ya nondo zake.

"Mshumaa mmoja, mangi."

"Dokta, afadhali umekuja. Kope linanicheza, leo siku ya tatu."

Hilo nalijua. Nalijua vizuri! Kuna msuli wa mviringo umezunguka jicho, mtu akikosa usingizi au akizidisha kahawa unarukaruka wenyewe, si kitu cha kutisha, alale. Jibu zima lilikuwa mdomoni, kwa Kiswahili safi, na hapakuwa na wa kunisahihisha. Nikavuta pumzi.

"La juu au la chini?"

"La chini."

"Pole sana, mangi."

Akazima redio. Alipoanza kuwapigia ndugu zake wa Rombo, mmoja mmoja, nikachukua mshumaa nikaondoka.