Mimi na Mti, Nani Kaongezeka?

Watu wa Tandika wakisikia nafanya kazi kituo cha utafiti msituni, Usambara Mashariki huko, wananipa hongera. "Umepata, kaka! Hewa safi, foleni hakuna." Foleni kweli hakuna. Soksi kavu nazo hakuna. Mvua ya kule kwa mwaka inakaribia milimita 2,000. Dar tunapata kama nusu yake na tayari Jangwani hapapitiki! Mkanda wangu wa ngozi umeota ukungu wa kijani, na badala ya kunipa pole, mtaalamu mmoja kauomba akaukague.

Kazi yenyewe kupima miti. Unazungusha tepu kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, hushuki hupandi. Unaandika. Baada ya muda unarudi kwenye mti uleule, penye alama ileile ya rangi, unapima tena. Umenenepa milimita tatu! Wataalamu meno nje. Siku hiyohiyo nikaulizia mshahara, nao umenenepa? Kimya. Mti umesimama tu unakula mvua unapanda daraja, mimi ninayeubebea tepu milimani niko palepale.

Friji ndiyo usiseme. Rafu nzima ni mavi ya kima, kila kichupa na lebo, tarehe na mahali yalipookotwa. Juzi nimeweka nyanya zangu pembeni, nikafokewa: "Utachafua sampuli!" Yaani nyanya ichafue mavi. Nimeishi Uswahilini miaka yote hii, hilo sijawahi kulisikia.

Ukisema ulale, perere anaanza. Kamnyama hakazidi sungura, kanapanda juu ya mti usiku wa manane na kupiga mayowe ya mtu anayechinjwa. Mara ya kwanza nilitoka na panga. Nje nikamkuta mtaalamu kashika kinasa sauti, ananionyesha kidole mdomoni: shii, usimkatize! Saa kumi alfajiri tunaamshwa tena kwenda kutega nyavu za ndege. Ndege wenyewe hawana Jumapili.

Nikirudi Dar kwa likizo, mama watoto anataka ua. Lile la zambarau la Usambara, ambalo Wazungu wanaliweka kwenye vyungu madirishani. Namwambia mke wangu, kule ni hifadhi, hata jani halichumwi bila kibali. Anakuna kichwa. Kosa langu nilishamsimulia habari za yule mkuu wa wilaya wa Tanga enzi za Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyeliona ua hilo mwaka 1892 akampelekea baba yake Ujerumani, likaishia kupewa jina la ukoo wake, Saintpaulia.

"Kwa hiyo yeye baba yake kapelekewa," ananiambia, "na mimi mkeo?"

Nimemwambia hilo ni swali la kitaalamu, mimi ni mtu wa tepu.