Adui Hasemi, Banda Zima Linasema

Hivi mtu akitaka kuogopa kwa amani, aende wapi? Nauliza kwa nia njema. Nyumbani kwangu vya kuogopesha vipo, ila vyote vinataka majibu: mwenye nyumba anataka kodi, shule inataka mchango wa mlinzi, mama watoto anataka kujua mbona nimenyamaza. Nikasema niende kibanda umiza hapo Mbagala, nikae gizani na watu nisiowajua, nitishwe na kitu kisichonidai. Kiingilio jero. Ubaoni wameandika kwa chaki: LEO USIKU HALLOWEEN, IMETAFSIRIWA, WENYE PRESHA HAPANA.

Picha yenyewe ni ya zamani, ya 1978, ya mwongozaji John Carpenter, na kwa vipimo vya Marekani ni ya bei chee: dola laki tatu hivi, wiki chache za kupiga, wamemaliza. Waigizaji walivaa nguo zao wenyewe. Aliyevaa kinyago cha adui, Nick Castle, alikuwa rafiki wa mwongozaji, malipo dola 25 kwa siku. Kinyago chenyewe kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola mbili. Ilikuwa sura ya William Shatner, yule nahodha wa Star Trek, wakaipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Haya nilishayasoma kwenye simu mapema, nikijiandaa kisaikolojia. Nilijiandaa kwa adui. Kwa watazamaji sikujiandaa.

Tuanze na mtafsiri. Watu wa kazi hii nawaheshimu; Lufufu katuelewesha picha za nje wengi wetu ambao Kiingereza kilitupita pembeni, na wenzetu Kenya wana DJ Afro wao. Lakini adui wa picha hii hasemi! Utisho wake wote uko hapo. Anasimama kando ya michongoma, anakutazama, unasikia pumzi tu. Sasa mtafsiri wetu kimya hakiwezi, nadhani analipwa kwa neno. Adui kasimama kwenye kamba za nguo, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, binti wa picha, Laurie, anamwona kutoka dirishani, nywele zangu zinaanza kusimama, mara mtafsiri anamsemea adui: "We Lori, funga dirisha, mafua hayo." Nywele zikalala. Baadaye adui kambandika kijana ukutani kwa kisu, anainamisha kichwa taratibu, upande huu, upande ule, anamtazama marehemu. Pale ndipo dunia nzima inabana pumzi. Mtafsiri akatutangazia kwamba anapatikana Kariakoo, jumla na rejareja.

Nyuma yangu alikaa dereva wa daladala. Yeye muuaji hakumkera. Kilichomkera ni gari. Maana kisa chenyewe ni kwamba mtoto wa miaka sita kamuua dada yake mwaka 1963, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka kumi na mitano, akatoroka na gari la hospitali, akaendesha mpaka mjini kwao Haddonfield. Dereva akasimama. "Kajifunzia wapi? Mimi nimesota chuo cha udereva, nimetoa alama za vidole, mpaka leo nasimamishwa Kizuiani, nasimamishwa Mtoni. Huyu kafungiwa toka chekechea, anakata kona mchana kweupe na hakuna wa kumuuliza leseni!" Akakaa. Akasimama tena. "Na usiku kawasha taa!"

Jibu la swali lake limo humohumo ndani ya picha. Daktari aliyekuwa anamtibu adui anaulizwa jambo hilohilo, anajibu kwamba labda kuna mtu pale hospitalini alikuwa anamfundisha. Ila hapo mtafsiri alikuwa anawasalimia washkaji zake wa Temeke, jibu likapita bila kutafsiriwa, na dereva akabaki na kidonda chake hadi mwisho.

Kushoto kwangu mzee mmoja muuza madafu. Mtulivu, nikashukuru. Kumbe anatafuta kosa. Hadithi inasema tuko Illinois, bara huko, mwezi wa kumi, majani yameanguka. Ukweli ni kwamba walipiga California, majira ya kuchipua, majani makavu hakuna, ikabidi wayapake rangi mengine, wayamwage barabarani, wakimaliza kupiga wayazoe tena wakayamwage kwingine. Majani waliyaweza. Miti ya jirani hawakuiweza. Mzee akanigusa goti: "Kijana, ule si ukoo wa mnazi?" Nikatazama. Kweli, kule nyuma ya paa umesimama mti wa jamii ya mitende, umenyooka, wala haujifichi. Tangu hapo mzee hakumwangalia adui tena. Mtu ananyongwa kwa waya wa simu, yeye anachungulia dirishani kwa marehemu kama kuna mnazi.

Vijana wa benchi la mbele wao walikuwa na dai moja: damu iko wapi? Na hapa nawaelewa kidogo. Wamelelewa na akina Terrifier 2, ile ya 2022 ya chale asiyekufa, iliyotengenezwa kwa robo milioni ya dola na ikaripotiwa kwamba kuna watu kwenye kumbi za Marekani walitapika, wengine wakazimia. Ukizoea hivyo, hii ya 1978 utaiona imefungwa kwa ubahili. Damu humo ni kidogo sana. Kijana mmoja kavaa jezi akapaza sauti, "Hata kuchinja kuku wa Idi kunatisha kuliko hii, turudishiwe hela!" Nikamwambia mdogo wangu, subiri. Akaniambia, "Bro, we umeshaiona?" Benchi zima likanigeukia: sema basi, nani anakufa? Nikanyamaza. Wakaniita mnoko.

Halafu lile shuka. Adui kajifunika shuka jeupe gubigubi, kasimama mlangoni, na juu ya shuka kavaa miwani ya yule kijana aliyemuua. Mimi nilisikia baridi ya mgongo, naapa, ndiyo kwanza nimeanza kupata thamani ya jero yangu. Sauti ikatoka gizani: "Jini lina matatizo ya macho hilo." Basi ikawa imekwisha.

Mama muuza karanga ndiye aliyevunja banda. Binti kamdunga adui sindano ya kufumia shingoni, adui kaanguka, binti kaokota kisu cha adui, halafu kakitupa. Mama akaweka beseni chini. Adui kainuka, kamfuata hadi kabatini, binti kamtia henga ya nguo jichoni, kisu kimedondoka tena, binti kakiokota, kamchoma nacho, kakitupa TENA. "Wewe mtoto!" Mama kasimama mbele ya televisheni. "Kisu kizuri hivyo unakitupa mara mbili? Nani kakulea?" Tukamwomba akae, tunaona mgongo tu.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala wa kisheria. Sheria ya kibanda inajulikana: steringi hafi. Sasa huyu asiyekufa ni adui, je, steringi ni nani? Wengine wakasema kazindikwa. Mmoja akautaja na mkoa aliozindikwa, mimi siutaji, nina wakwe huko. Katikati ya ubishi, binti kakaa mlangoni analia, na nyuma yake, taratibu, bila sauti, adui akainuka kitako.

Umeme ukakatika. Luku imeisha, mwenye banda aliona bora anunue spika.

Sijui nieleze vipi. Benchi lilipinduka nikiwa bado juu yake. Turubai la mlangoni lilitoka na watu. Beseni la karanga likatawanyika, na ndala yangu ya kulia hadi sasa ninapoandika haijulikani ilipo. Tulipohesabiana nje, kijana wa jezi, yule wa kudai damu, tulimkuta kwa mangi, chini ya taa, anasema alitoka kununua bigijii. Tukachangishana hela ya luku, mia mbili mbili, nikiwa na mguu mmoja peku.

Tukarudi, tukamalizia. Daktari kampiga adui risasi sita, adui kadondoka kutoka ghorofani, daktari kachungulia chini: hakuna mtu. Pumzi tu. Mwisho. Mtafsiri akaaga kwa namba mbili za simu.

Mwenye banda akatangaza kwamba sehemu ya pili, ya 1981, inaanzia palepale, usiku uleule, mambo yanahamia hospitali; kesho saa mbili, kiingilio buku. Watu waliodai kurudishiwa jero wakaanza kuwekeana nafasi. Dereva akasema yeye lazima aje, trafiki hawezi kukosekana sehemu zote mbili. Mzee wa madafu akauliza kama hiyo hospitali ina bustani.