Kwilti ya UKIMWI haikuficha mapenzi

Kwilti ya UKIMWI ya Marekani, tandiko kubwa la vipande vya kitambaa vilivyoshonwa na wapenzi, jamaa na marafiki kuwakumbuka waliokufa kwa ugonjwa huo, ilitandikwa Washington kwa mara ya kwanza tarehe 11 Oktoba 1987, ikiwa na vipande 1,920. Lawama dhidi yake ni ya siku nyingi: kwamba ushonaji wa viraka, kazi ya bibi kizee, uliwalainisha wanaume mashoga mpaka taifa likawalilia bila kulazimika kukumbuka walivyopendana. Wanaharakati waliosema hivyo walikuwa wakizika marafiki zao, na walitaka hasira kabla ya machozi. Hoja yao ina uzito. Vipande vingine vina jina la kwanza tu, au herufi mbili, na hofu ya familia inasomeka pale palipoachwa wazi.

Lakini sogea karibu. Kila kipande ni futi 3 kwa 6, karibu sawa na kaburi. Humo watu walishona jaketi za ngozi za pikipiki, kondomu, barua za mapenzi, nywele, hata majivu. Kati ya mashoga wa San Francisco ya miaka ya 1970, leso kwenye mfuko wa nyuma wa jinzi ilikuwa inazungumza: rangi ilitaja mtu anatafuta nini, na mfuko, kushoto au kulia, ulionyesha yeye ni mtoaji au mpokeaji. Jaketi la ngozi nyeusi nalo lilikuwa na wasomaji wake. Mama aliona nguo ya mwanawe. Mpenzi aliona zaidi. Anayejua jina la kanga linavyoweza kumchoma jirani mmoja tu katika umati ameshaelewa.

Ushahidi mkubwa uko kwenye mshono. Washonaji walielekezwa kutumia kitambaa kisichovutika, kama pamba nzito, waache inchi 2 au 3 za pindo kila upande, na wasitegemee gundi, maana huchakaa na kuachia. Ngozi inatesa zaidi: tundu la sindano halizibi tena, mishono ikikaribiana mno ngozi inachanika kwenye mstari huo huo, na uzito wa jaketi unavuta pamba mpaka inalegea, isipowekewa kitambaa cha nyuma. Aliyetaka kuficha angepaka ua na jina, akamaliza jioni moja.

Mara ya mwisho kutandikwa yote ilikuwa Oktoba 1996. Sasa huonyeshwa kwa sehemu. Kipande kinapotundikwa juu ukutani, barua iliyoshonewa humo haisomeki. Vipande vitandikwe chini, penye nafasi ya kupiga magoti.