Deki ya Mtumba au Simu ya Zamani: Laki na Nusu Iende Wapi?

Shemeji yangu wa Tabata amenunua amplifaya iliyotumika na spika mbili za mbao, vyote vimekuja na kontena kutoka Uingereza, na vinapiga vizuri. Sasa anatafuta cha kuvilisha muziki. Ana laki moja na nusu. Fundi wake wa redio anamwambia atafute deki ya CD ya zamani, zile nzito za Kijapani, maana za siku hizi ni plastiki tupu. Kijana wake anamwambia achomeke simu, hela abaki nayo. Kaniuliza mimi, na nimeona nimjibu kwa urefu kwa sababu wote wawili wana hoja, ila uzito wake haulingani.

Fundi hajakosea kuhusu ujenzi. Deki nzuri ya mwishoni mwa miaka ya 1980 utaijua ukiinyanyua tu: bati nene, transfoma ya maana, vitufe visivyolegea. Na CD yenyewe, tangu Sony na Philips walipoiingiza sokoni mwaka 1982, haijapitwa kwa kiwango ambacho sikio la sebuleni lingelalamika. Inabeba biti 16, mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, jumla kilobiti 1,411 kila sekunde. Linganisha na nyimbo tunazouziwa kwenye vibanda vya kujaza flashi: nyingi ni MP3 za kilobiti 128, na nyingine zimenyofolewa kwenye video kisha zikabanwa mara ya pili. Zipitishe kwenye spika za shemeji usikie matoazi yanavyochuruzika kama maji ya bomba lililopasuka. Mtu akisikia hivyo anasema simu haina sauti. Simu haina kosa hapo. Kosa ni la faili, na deki ya CD ingeonekana bora kwa sababu tu imelishwa chakula bora.

Ukiziweka simu na deki kwenye mizani moja, kwa muziki uleule usiobanwa, tofauti inayeyuka. Sehemu inayogeuza tarakimu kuwa sauti, ambayo zamani ilikuwa fahari ya deki za bei mbaya, leo inakaa ndani ya kichipu kidogo kuliko punje ya mchele. Apple wameuza kwa dola 9 huko Marekani kile kiwaya chao kifupi chenye tundu la hedifoni, na waliokipima kwa mitambo wamekuta upotoshaji wa sauti uko chini kabisa ya kile ambacho sikio linaweza kukigundua. Kinatoa takriban volti 1 wakati deki ya CD hutoa 2, kwa hiyo utaongeza sauti kidogo kwenye amplifaya, basi. Simu ya zamani yenye tundu lake, hata ikiwa kioo kimepasuka, itafanya kazi hiyo vizuri ukiiondoa laini na kuiacha iwe ya muziki tu. Nyimbo ziwe ndani ya kadi yake, na bando halitakuhusu. Bluetooth nayo hubana muziki upya, ingawa kinachoniudhi zaidi ni vile vipokeaji vya bei ya chini vinavyotoa mvumo nyimbo zikiwa kimya. Waya ni bora.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi hulitaja baadaye, ukishalipa. Kifaa kinachozunguka kinachoka. Miaka michache nyuma nilinunua deki kwenye duka moja Kariakoo, elfu themanini. Muuzaji aliweka CD yake, wimbo wa kwanza ukapiga safi, tukakubaliana. Nyumbani, wimbo wa tisa ukaanza kuruka. Wa kumi na moja ukagoma kabisa. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na leza iliyochoka, au reli iliyokauka grisi, huanza kujionyesha kadiri inavyosogea nje. Mimi nilijaribu katikati tu. Fundi aliifungua, akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, ikapiga wiki mbili, ikafa. Lenzi za aina fulani, kama KSS-213 ya Sony iliyotumika kwenye deki nyingi, bado hupatikana mpya. Yangu haikuwa mojawapo.

Kwa hiyo mwenye kung'ang'ania deki ya CD aende dukani na CD zake mbili: moja halisi iliyojaa, aruke hadi wimbo wa mwisho, na nyingine ya kuchoma, kwa kuwa CD ya kuchoma huakisi mwanga pungufu kuliko ile halisi na leza dhaifu huanza kuikataa hiyo. Afungue na kufunga trei mara kumi. Ikiwa trei inasita, kimkanda chake cha mpira kimelegea, na hicho ni kitu kidogo, kisimkimbize.

Kinachopaswa kumkimbiza ni kibandiko cha nyuma kinachosema volti 100. Hicho ni kifaa cha soko la ndani la Japani, na umeme wetu wa 230 utakiunguza siku ya kwanza. Transfoma ya kushusha umeme inatibu hilo, lakini kuna mawili isiyoyatibu. Redio za Kijapani za zamani hushika FM kuanzia 76 hadi 90, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Na kifaa cha santuri chenye mota inayofuata mapigo ya umeme, kilichotengenezwa kwa hertz 60 za Marekani au Osaka, kikija kwenye hertz 50 zetu kitazunguka mara 28 hivi kwa dakika badala ya 33. Mwimbaji atasikika kama kaamshwa usingizini. Vya mota inayozungusha sahani moja kwa moja, bila mkanda, na kuongozwa na kristali, kama vile Technics SL-1200 za toleo la pili la 1979, havina shida hiyo, ila bei yake si ya laki na nusu.

Mpaka hapa kijana ameshinda, na ingekuwa habari ya CD pekee ningeishia hapo. CD alizonazo shemeji ni kama arobaini. Atazivuta zote kwenye kompyuta kwa faili za FLAC, zisizopunguza kitu, ndani ya siku mbili tatu, kisha zihamie kwenye simu. Uzuri wote ambao fundi anausifu utabaki, leza iliyochoka itaachiwa mwenyewe.

Lakini shemeji ana kitu kingine, na nadhani ndicho kilichomfanya aniulize. Chini ya kitanda kuna katoni ya kanda za marehemu mzee wake. Mzee alikuwa anarekodi redioni jioni, enzi ambapo Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi zetu kwenye studio yake. Santuri zetu nyingi zilichapwa Nairobi, na si kila kilichorekodiwa kilifika huko. Vingine vilirushwa hewani tu, na aliyebonyeza kitufe kwa wakati ndiye aliyebaki navyo. Kwenye kanda moja nimemsikia mzee mwenyewe akikohoa, akamwambia mtu afunge mlango, halafu magita yakaendelea.

Kwa muziki huo hakuna simu ya kuchomeka. Kinachohitajika ni deki ya kanda, iliyotumika, yenye kibandiko cha volti 220 hadi 240, na hapo fundi anageuka kuwa mtu muhimu kuliko wote. Mikanda ya mpira ya deki hizi huyeyuka kwa umri ikawa kama lami, inashika vidole na haitoki kwa sabuni. Lazima ibadilishwe, hedi, yaani vichwa vinavyosoma kanda, zisafishwe kwa spiriti, na roli ya mpira inayovuta kanda ikaguliwe isiwe imeng'aa kama kioo, kwa sababu ikiteleza ndiyo itakayokula kanda.

Nimemwambia aitenge laki moja kwa deki hiyo na elfu hamsini kwa fundi. Jumamosi tunaingia Kariakoo. Achukue kanda yoyote ya kujaribia, ile ya mzee ibaki kwenye katoni yake mpaka deki ipige wiki nzima bila kutafuna kitu.