Shaba ikianguka, nani anaugua?

Mwaka 2000 mchumi wa Marekani, Christopher Ruhm, alionyesha jambo lililowashangaza wengi: nchini kwake, ukosefu wa ajira ulipoongezeka, vifo kwa jumla vilipungua, ingawa waliojiua waliongezeka. Ajali za barabarani hupungua, moshi wa viwanda pia, na watu hupata nafasi ya kupumzika. Hata katika mdororo mkuu wa 1929 hadi 1933, wastani wa umri wa kuishi huko ulipanda kutoka miaka 57 hadi 63.

Lubumbashi, mji wetu wa migodi ya shaba nchini Kongo (DRC), haiwezi kuidharau hoja hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu chetu na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikuta kobalti (metali inayochimbwa pamoja na shaba) nyingi mno katika mkojo wa wakazi wa jirani na migodi na viwanda vya Katanga, eneo letu. Anayesema kwamba neema ya shaba ina maradhi yake hakosei, ila vumbi lililokwisha kuingia udongoni haliondoki kwa kuzimwa kwa tanuru.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Mshahara wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, uliandamana na posho ya unga, shule, na hospitali ambako mke na watoto wa mfanyakazi walitibiwa. Uzalishaji wake ulipoporomoka kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 hadi chini ya 20,000 mwaka 2003, na wafanyakazi zaidi ya 10,000, ambao walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, wakaondoshwa kwa fedha za Benki ya Dunia, familia zilipoteza kipato na daktari kwa pamoja. Bukari (ugali) ikapungua sahanini, na mgonjwa asiye na fedha akazuiliwa hospitalini mpaka ndugu walipe. Kuhusu mapumziko, wengi walishika sepetu wakaingia mashimo ya madini yasiyo na nguzo.

Mpinzani atasema kwamba Marekani nayo haikuwa na bima ya kitaifa ya ukosefu wa ajira hadi 1935. Ni kweli, na pingamizi hilo ni zito. Lakini huko maji safi na usafi wa miji vilikuwa vimekwisha kuenea, hospitali nyingi hazikuwa mali ya mwajiri mmoja, na anguko kubwa lilikuwa la miaka minne. Letu lilivuka kumi. Kwa hiyo naona kinachoamua ni kama tiba imefungwa kwenye mkataba wa kazi. Serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025, mjadala ulikuwa wa bei, ilhali fundi wa kampuni ndogo ya kandarasi alipaswa kuulizwa nani angemtibia mwanawe mkataba ukikatika.